Maradhi ya Miguu ya Mfalme Asa
(Somo: 2 Mambo ya Nyakati 16:7-13)



Mtu aketiye amekunja miguu hufa ganzi; akisimama huchomwachomwa kama kwa sindano, kisha hali hiyo hupita. Lakini wako waionao siku nyingi pasipo kujua sababu: nyayo zawaka moto, au ni kana kwamba sisimizi watambaa chini ya ngozi. Usiku hawalali kwa hofu. Mmoja adhani amerogwa, mwingine aogopa ukoma, nao hunyamaza. Tena wako wasemao, “Nikiwaendea waganga wa hospitali nitatenda dhambi ya Asa.” Basi na tuitazame habari yake.

Katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake Asa aliugua miguu, ugonjwa ukazidi sana. Maandiko yamlaumu kwa kuwa aliwatafuta waganga, asimtafute Bwana. Je! kosa lake lilikuwa kutaka dawa? Sivyo. Kabla ya hapo alikwisha kumtumaini mfalme wa Shamu kuliko Mungu. Na Hanani mwonaji alipomkemea, akamtia gerezani. Moyo uliofungwa hivyo haukufunguka hata kitandani. Bali Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la Hezekia (2 Wafalme 20:7), na Luka, rafiki wa Paulo, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Sababu za maradhi haya ni nyingi. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia nyayoni. Pombe nyingi na upungufu wa vitamini B1 au B12 huleta hali iyo hiyo. Hata dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi yaweza kuileta. Anywaye asiiache, bali amwambie tabibu, kwa maana huongezewa vitamini B6. Ukoma nao waponyeka kwa dawa za miezi 6 au 12, zitolewazo bure tangu mwaka 1995. Lakini akawiaye hupoteza hisia. Huungua au hujikata asijue, na jeraha huoza. Tena miguu ikilegea ghafula, au mkojo usipozuilika, asingoje kesho.

Basi mwenye wasiwasi na amwambie Mungu, tena amwambie tabibu. Asiache hili wala lile.

Maswali ya kufundishia:
1. Asa alikosa nini kabla ya kuugua?
2. Kwa nini hofu iliyofichwa hudhuru kuliko iliyosemwa?
3. Ni nani katika usharika wetu ahitajiye kusindikizwa hospitali?