Kifurushi Kidogo, Nauli Kubwa: Kupunguza Gharama za Kusafirisha Bidhaa Ndogo Zinazouzwa Mtandaoni

Katika mitaa ya Mbagala, Chamazi, Tandika, Tegeta na Bunju, biashara nyingi siku hizi hazina fremu. Mwenye biashara hupiga picha ya bidhaa sebuleni kwake, huiweka WhatsApp au Instagram, mteja huagiza, na fedha hutumwa kwa simu. Hadi hapo gharama ni ndogo. Mzigo mzito huja pale bidhaa inapotakiwa kutoka nyumbani kwa muuzaji na kumfikia mnunuzi, kwa kuwa nauli ya jozi moja ya hereni yaweza kuizidi bei ya hereni zenyewe.

Somo hili tumemwandikia muuzaji huyo mdogo. Tunamhesabu kuwa mtumiaji kama watumiaji wengine, maana kabla ya kumhudumia mteja wake yeye mwenyewe hununua huduma ya usafirishaji, na ana haki zote za mnunuzi wa huduma.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa hereni anayeishi Chamazi, wilayani Temeke. Jozi moja huinunua Kariakoo kwa shilingi 4,500 na kuiuza kwa shilingi 8,000. Faida yake kabla ya usafiri ni shilingi 3,500. Siku moja anapata wateja watatu, wote wa upande wa Kinondoni: mmoja yuko Mwenge, wa pili Tegeta, wa tatu Bunju. Dereva wa bodaboda anataka shilingi 8,000 kwenda Mwenge, 10,000 kwenda Tegeta na 12,000 kwenda Bunju. (Nauli hizi ni za mfano tu, msomaji aweke zile za mtaani kwake.) Akiwatuma madereva watatu, nauli itafika shilingi 30,000 kwa bidhaa za shilingi 24,000.

Kosa la muuzaji huyu halimo katika bei ya dereva. Nauli ya bodaboda hulipia safari. Haiulizi uzito wa mzigo wala thamani yake. Hereni zenye uzito wa gramu 20 na viatu vya kilo moja hulipiwa sawasawa. Kwa hiyo kubishana na dereva ili apunguze shilingi 500 kuna faida ndogo kuliko kupunguza idadi ya safari. Mwenge, Tegeta na Bunju zimefuatana katika Barabara ya Bagamoyo. Dereva mmoja akipewa vifurushi vyote vitatu, akalipwa shilingi 12,000 ya Bunju na nyongeza ya shilingi 1,000 kwa kila kituo cha njiani, jumla ni shilingi 14,000, yaani chini kidogo ya shilingi 4,700 kwa kila mteja.

Hata hivyo, kiasi hicho bado ni kikubwa kuliko faida ya jozi moja. Hapo ndipo ratiba inapokuwa na kazi. Muuzaji atangaze mapema siku za kupeleka mizigo, kwa mfano Jumatano upande wa Kinondoni na Jumamosi upande wa Temeke na Kigamboni, ili maagizo yakusanyike na safari moja ibebe vifurushi saba au nane. Mteja mwenye haraka apewe nafasi ya kulipia safari yake peke yake. Wengi, wakiona tofauti ya nauli, husubiri. Ni vema pia kumweleza mteja kwamba jozi ya pili haimwongezei nauli, jambo ambalo ni kweli na ambalo wauzaji wengi husahau kulisema.

Njia nyingine ni kituo cha kuchukulia mizigo. Muuzaji ambaye kila wiki hupanda daladala kwenda Kariakoo kuchukua bidhaa tayari amekwisha kuilipia safari hiyo. Akipatana na mwenye duka anayemwamini mjini, au pale Mwenge, akamlipa kiasi kidogo kwa kila kifurushi, wateja wanaopita huko wakienda kazini watajichukulia wenyewe. Makubaliano hayo yaandikwe hata kama ni kwa ujumbe wa simu, yakieleza nani atawajibika kifurushi kikipotea dukani na kitahifadhiwa kwa siku ngapi.

Safari iliyo ghali kuliko zote ni ile inayorudi na mzigo. Dereva amefika, simu ya mteja haipokelewi, au maelekezo yalikuwa "ukifika kwenye mwembe uliza". Nauli inalipwa kwenda na kurudi, na bidhaa haijauzwa. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi za Dar es Salaam zina kibao cha namba na mitaa ina majina, na programu ya NaPA husaidia kuitafuta anwani hiyo. Muuzaji aombe jina la mtaa, namba ya nyumba, alama moja inayojulikana na namba ya pili ya simu, kisha ampigie mteja kabla dereva hajawasha pikipiki. Kuhusu malipo, tunaona ni haki nauli ilipwe kwanza na bei ya bidhaa ilipwe baada ya mteja kuikagua. Mpango huo humlinda muuzaji asipoteze nauli, na humlinda mnunuzi asilipie kitu asichokiona.

Mizigo ya mikoani ina kanuni tofauti. Huko uzito huhesabiwa. Shirika la Posta hupima kifurushi dirishani na kutoza kwa ngazi za uzito, kwa hiyo kifurushi kinachozidi ngazi kwa gramu chache hulipiwa bei ya ngazi inayofuata. Mizani ndogo ya jikoni yatosha kumwonyesha muuzaji kama boksi lenyewe ndilo linalomvusha. Hereni, shanga na vipuri vya simu husafiri salama ndani ya bahasha ngumu yenye kipande cha boksi kukinga mkunjo. Kanga na vitenge havivunjiki. Havina haja ya boksi kabisa. Tukumbushe pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo asiitumie kukabidhia mzigo.

Kwa anayetuma nje ya nchi kwa kampuni za usafirishaji wa haraka, ukubwa wa boksi nao hutozwa. Hesabu inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20 huhesabiwa kuwa kilo 4.8 hata likiwa limejaa hewa. Boksi la 20 kwa 15 kwa 10 ni kilo 0.6. Tofauti hiyo yote hulipwa kwa fedha taslimu kwa sababu muuzaji alichukua boksi lililokuwa karibu.

Wengi hutuma kwa basi, kwa kuwa ni haraka na bei huafikiwana papo hapo. Mkazi wa Temeke anayetuma Lindi au Mtwara aulize kwanza kama basi linapokea mizigo Mbagala, kwa kuwa mabasi ya huko hupita Barabara ya Kilwa. Kuupeleka mzigo Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ni kulipia safari mbili. Lakini kifurushi kikabidhiwe ofisini, si mkononi mwa konda. Kusafirisha vifurushi kwa malipo ni huduma inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na mwenye leseni anatakiwa kujulikana na kuwajibika.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya hesabu, si kwa kupenda karatasi. Tuseme kumpa konda kunaokoa shilingi 1,000 kwa kila kifurushi. Baada ya vifurushi 20 muuzaji ameokoa shilingi 20,000. Kifurushi kimoja chenye vitenge vya shilingi 45,000 kikipotea bila stakabadhi, akiba yote imekwenda na shilingi 25,000 juu yake, na mteja bado anadai mzigo wake. Stakabadhi yenye tarehe, maelezo ya kilichomo na thamani yake ndiyo itakayomwezesha kudai. Malalamiko yaanzie kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na asiporidhika ayafikishe TCRA.

Jambo moja ni la haki ya mnunuzi. Baadhi ya wauzaji hutangaza "usafiri bure" huku nauli wameiongeza kwenye bei. Kuijumuisha nauli katika bei si kosa. Lakini kumwambia mteja kwamba bei ni ileile ya dukani, ilhali sivyo, ni kumpotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Bei ya bidhaa na nauli vikitajwa kando kando kabla ya malipo, ugomvi mwingi hautazaliwa.

Zoezi: chukua daftari, andika mizigo kumi ya mwisho uliyoituma. Kwa kila mmoja weka faida, nauli, nani aliilipa, na kama mzigo ulifika mara ya kwanza. Kisha zungushia duara ile iliyokwenda njia moja kwa siku tofauti ndani ya wiki moja, ujumlishe nauli zake.