Thamani ya Noti Kuukuu: Vigezo vya Ukadiriaji kwa Kurejelea Eneo la Bura, Garissa

Utangulizi

Jina Bura hutumika pande zote mbili za Mto Tana. Mashariki ni Bura ya Kaunti ya Garissa. Magharibi ni Bura ya mradi wa umwagiliaji katika Kaunti ya Tana River. Katika maeneo kama haya, ambako mifugo ndiyo uti wa mgongo wa uchumi na benki zimekuwa mbali, fedha nyingi zilihifadhiwa sandukuni. Si ajabu basi noti kuukuu kuonekana mirathi inapogawanywa. Mrithi anayeidhania noti kuwa karatasi tu huiuza kwa bei ya kutupa. Anayeidhania kuwa utajiri huweza kuwalipa matapeli ada ili wamtafutie mnunuzi asiyekuwapo. Makala haya yanabainisha vigezo vinne vya kukadiria thamani ya noti mbele ya wakusanyaji, pamoja na msamiati wa Kiswahili wa kuieleza, kwani asiyeweza kuieleza mali yake hawezi kuitetea bei yake.

Utambulisho

Kigezo cha kwanza ni kuitambua noti: mtoaji, kiwango, mwaka na saini. Noti zinazotarajiwa katika eneo hili ni za makundi matatu. Kundi la kwanza ni la Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Noti zake za shilingi zenye picha ya mfalme wa Uingereza zina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kigujarati. Kundi la pili ni la Benki Kuu ya Kenya, iliyoanza kutoa noti zake Septemba 1966 zikiwa na jina “Banki Kuu ya Kenya”. Kundi la tatu ni la Somalia: somalo zilizoanza mwaka 1950, kisha shilingi ya Somalia kuanzia miaka ya 1960.

Picha pekee haitoshi kuonyesha umri. Sura ya Jomo Kenyatta ilikuwa kwenye noti za 1966, ikapisha ya Daniel arap Moi kuanzia 1980, kisha ikarejea mwaka 2003. Kwa hiyo noti yenye sura ya Kenyatta huenda ikawa ya juzi tu. Mwaka na saini ndivyo viamuzi. Leon Baranski alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, naye Duncan Ndegwa akamrithi mwaka 1967 na kuhudumu hadi 1982.

Uchache

Kigezo cha pili ni uchache, nao haulingani na umri. Florini za Afrika Mashariki za mwaka 1920 ni adimu kwa kuwa shilingi ilichukua nafasi yake upesi. Kinyume chake ni noti ya shilingi 1000 ya Kenya iliyofutwa tarehe 1 Oktoba 2019. Takriban vipande milioni 7.4 havikurejeshwa benki. Kwa mfugaji aliyechelewa, hiyo ilikuwa hasara halisi. Kwa mkusanyaji, kitu kilichobaki kwa mamilioni si adimu. Vivyo hivyo, baada ya serikali kuu ya Somalia kusambaratika mwaka 1991, watu binafsi walichapisha shilingi za nchi hiyo kwa wingi. Bunda zima la noti hizo laweza kuwa na thamani ndogo kuliko somalo moja safi.

Hali

Kigezo cha tatu, ambacho wengi hukipuuza, ni hali. Wakusanyaji hutumia kipimo cha alama 1 hadi 70, kilichoanzia katika sarafu nchini Marekani. Kwa Kiswahili, ngazi zaweza kuelezwa hivi: noti isiyotumika haina mkunjo wowote na pembe zake ni kali, noti nzuri sana ina mikunjo michache hafifu na karatasi yake bado ni ngumu, noti ya wastani ina mikunjo mingi na uchafu lakini haijachanika vibaya, noti mbovu ina matundu, madoa, maandishi ya kalamu au kipande kilichopotea. Noti mbili za shilingi 20 za mwaka 1966 zaweza kutofautiana bei mara nyingi kwa sababu ya mikunjo tu.

Kwa hiyo, noti isifuliwe, isipigwe pasi wala isigandishwe kwa utepe. Mnunuzi mzoefu huigundua noti iliyooshwa kwa ulegevu wa karatasi na kufifia kwa wino. Katika Bura, adui wakubwa ni mchwa, jasho na mafuriko ya Tana. Noti ihifadhiwe ikiwa imenyooka ndani ya mfuko wa poliesta, mahali pakavu, mbali na jua.

Bei

Kigezo cha nne ni uhitaji sokoni. Katalogi iliyoasisiwa na Mjerumani Albert Pick huipa kila noti nambari, na nambari hiyo humwezesha mmiliki kutafuta mauzo ya noti kama yake. Ni muhimu kutenganisha bei inayotajwa na bei iliyolipwa: muuzaji yeyote aweza kutaja milioni, lakini matokeo ya mnada ndiyo ushahidi. Kutokana na bei hiyo huondolewa ada ya dalali na gharama za kusafirisha. Mmiliki atume picha za pande zote mbili kwa wanunuzi wasiopungua wawili, wala asitoe noti yenyewe kabla ya malipo.

Hitimisho

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Imebainika kwamba thamani ya noti kuukuu hutokana na utambulisho, uchache, hali na uhitaji kwa pamoja, na kwamba umri peke yake haumtajirishi mtu. Mrithi wa Bura anayeweza kusema, “Hii ni ya 1966, ina mkunjo mmoja wa kati, pembe kali, haina doa,” ameshaanza kujadiliana na mnunuzi kama mtu anayeijua mali yake.