Kabla ya Kuzipa Tuzo Kazi za Historia ya Katavi

Tamthilia, filamu, kitabu au maonyesho ya picha yanayochota kwenye nyaraka za Katavi yanastahili kuenziwa. Lakini tuzo ni muhuri. Ukiupiga juu ya uongo, uongo huo unaingia shuleni na kukaa huko. Majaji na waandaaji, shikeni haya.

Fanyeni: Daini orodha ya vyanzo
Namba ya jalada, tarehe, mahali linapotunzwa. Jalada linaweza kuwa chini ya jina jingine: enzi za Mwingereza, Wilaya ya Mpanda (Katavi ya leo) ilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi. Baadaye ikawa ndani ya Mkoa wa Tabora, ikaingizwa Rukwa mkoa huo ulipoundwa 1974, na Katavi ikazaliwa 2012. Aliyetafuta neno "Katavi" peke yake kwenye faharasa hajatafuta.

Msifanye: Msipokee picha isiyojulikana ilikotoka
Garimoshi la zamani linaweza kuwa la Mpanda, Kaliua au Voi. Msanii asiyejua picha ameipata wapi aiondoe kwenye kazi yake.

Fanyeni: Mtafuteni aliyeachwa nje
Wabelgiji walianzisha kituo Karema mwaka 1879. Wamisionari wa Afrika, shirika la mapadre Wakatoliki, wakakipokea 1885. Shajara zao zinaeleza alichokiona padre, si alichokisema mwenyeji Mbende aliyesimama mbele yake. Kazi inayostahili tuzo huweka simulizi za wenyeji kando ya shajara, na husema wazi zinapopingana.

Msifanye: Msizawadie hadithi ya wakubwa peke yao
Adrian Atiman alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akafika Karema 1889, akatibu watu huko miaka mingi hadi kifo chake 1956. Filamu inayomweka Kapteni Joubert, askari aliyelinda misheni, katikati na kumpitisha Atiman kama mpambe haijasoma nyaraka. Vivyo hivyo mgodi wa madini ya risasi ulioleta reli Mpanda mwaka 1950: mameneja wakitajwa kwa majina na wachimbaji wakaitwa "vibarua" tu, irudisheni kazi.

Fanyeni: Daini ridhaa
Waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 walijenga maisha katika makazi ya Katumba na Mishamo, na wengi sasa ni raia wa Tanzania. Jalada la mkimbizi linaweza kutaja wazazi, kijiji na waliouawa. Sheria kuruhusu jalada lisomwe si sawa na mwenyewe kuruhusu liigizwe. Familia iulizwe kwanza.

Msifanye: Msitangaze jina kwa kuwa tu limeandikwa
Karani aliyemwita mtu "mchochezi" aliandika tuhuma, si hukumu. Tuhuma hiyo ikisomwa jukwaani leo, mjukuu ndiye atakayenyooshewa kidole sokoni kesho.

Fanyeni: Ulizeni picha halisi iko wapi
Picha ya familia hupigwa skani, kisha hurudishwa kwa mwenyewe. Msanii asiyeweza kuthibitisha kwamba ameirudisha asishinde.

Msifanye: Msivumilie gundi wala utepe
Nimeona picha ya harusi iliyogandishwa kwenye ubao wa maonyesho. Ilipobanduliwa, ikachanika katikati ya nyuso za maharusi. Familia haikuwa na nyingine.

Fanyeni: Ionyesheni kazi ilikochotwa
Karema, Inyonga, Mishamo: ianzie huko kabla majaji hawajakaa. Wenyeji watasahihisha majina, mahali na ukoo, mambo ambayo jaji wa Dar es Salaam hawezi kuyajua. Nakala ibaki shuleni na kwa familia husika. Na hafla ya tuzo ifanyike Mpanda.

Msifanye: Msiwalipe wazee kwa soda na fulana
Msimulizi ni mshiriki wa kazi. Jina lake liandikwe, na mgawo wake wa fedha ukubaliwe kabla ya hafla. Mzee aliyenyonywa mara moja hatafungua mdomo tena, na anachokijua hakimo kwenye jalada lolote.

Kama hakuna kazi iliyotimiza haya, tangazeni kwamba mwaka huu hakuna mshindi. Huo ni uamuzi halali. Msanii makini atarudi mwaka ujao na vyanzo vyake mkononi.