Gari la Zamani Linapokataa Kuwaka: Pima Kabla ya Kununua Betri

Toyota Altezza, iliyotengenezwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005, bado inapendwa nchini kwa wepesi wake barabarani. Hata hivyo, nyaya zake zimezeeka pamoja nayo. Mkazi wa Mshangano akiamka asubuhi ya Julai, katika baridi ya Songea, akakuta stata haizunguki, ushauri wa kwanza anaopewa huwa ni kununua betri mpya. Tunamwomba asitoe fedha kabla ya kupima.

Multimita ya fundi umeme wa magari hutoa jibu kwa dakika chache. Gari likiwa limezimwa tangu usiku, betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6, ikionyesha 12.2, imebaki na kama nusu ya nguvu zake. Injini ikiwashwa, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, betri haichajiwi, na betri mpya nayo itakwisha vilevile: kagua mkanda, nyaya na dainamo. Fuatilia pia waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi. Nati iliyolegea au yenye kutu huleta dalili zilezile za betri mbovu, na tiba yake ni spana na msasa.

Vyote hivyo vikiwa salama, lakini betri ikazidi kwisha gari linapolala, kuna kitu kinachokula umeme. Tunashauri kuanzia kwenye redio. Redio za magari ya Japani ya miaka hiyo hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu hufika 108. Ndiyo maana nyingi hubadilishwa, na nyaya za kiwandani hukatwa na kuungwa kwa mkono. Kisha hufuata kengele ya wizi, taa za urembo na spika kubwa. Altezza, kwa hadhi yake, hupata vyote.

Fundi aunganishe mita, ikiwa kwenye kipimo cha ampea, baina ya waya wa hasi na betri, milango ikiwa imefungwa, kisha asubiri nusu saa. Mkondo wa chini ya miliampea 50 ni wa kawaida. Ukizidi, fyuzi zitolewe moja moja mpaka ushuke. Fyuzi iliyoushusha ndiyo inayoonyesha njia yenye hitilafu. Stata isipigwe mita ikiwa hapo, kwani itaungua.

Fyuzi inayokatika mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa ikatike kabla waya haujapata moto. Ukiiondolea kazi hiyo, kitakachoungua ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, pengine usiku katika safari ya Njombe.

Kabla ya kazi, kubalianeni bei ya uchunguzi peke yake, na vipimo viandikwe. Dai urudishiwe kifaa kilichotolewa, na risiti itaje kama kilichowekwa ni kipya au kilichotumika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha katika biashara; anayeuza dainamo iliyotumika kwa jina la mpya anaangukia humo. Ukilalamika kwa Tume ya Ushindani, ambatisha risiti hiyo na karatasi ya vipimo.