Dondoo muhimu: Mashine ya kufulia inayonguruma

Kabla ya kumwita fundi, itazame mgongoni. Ikiwa ni mpya, ya mlango wa mbele, huenda boliti za usafirishaji, kwa kawaida 3 au 4, bado zimo. Hizo huzuia pipa lisicheze njiani. Ukifulia zikiwemo, mashine itarukaruka kama mbuzi kambani. Zifungue, uzitunze kwa siku ya kuhama.

Kisha bonyeza pembe za juu. Ikiyumba, zungusha miguu hadi itulie, ukaze nati. Kadibodi chini ya mguu? Italowa na kubonyea tu.

Blanketi moja hulemea upande mmoja wakati wa kukamua, ongeza taulo. Ukisikia mkwaruzo, chomoa umeme, tega beseni, ufungue kichujio cha pampu. Mara nyingi ni sarafu.