Simu Ikumbushe Vidonge vya Mzee



Mzee mmoja wa kisomo chetu ana presha ya juu. Zahanati walimwagiza ameze kidonge kimoja kila siku, saa mbili asubuhi. Alisahau mara nyingi, basi akatega kengele, ile wanayoiita alamu, katika simu yake ndogo ya tochi. Aliandika 2:00. Simu ikalia saa nane za usiku, nyumba nzima ikaamka! Siku ya tatu akaizima. Mwezi mzima hakumeza kitu, maana hakuwa na maumivu yoyote. Alipokwenda kupimwa, presha ilikuwa imepanda kupita ile ya mwanzo.

Kosa lilikuwa wapi? Sisi tunahesabu saa tangu kunapokucha. Simu inahesabu tangu saa sita za usiku. Kwa hiyo saa mbili asubuhi katika simu ni 08:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Mimi mwalimu nilimfundisha tarakimu, lakini hili sikumwambia.

Presha hainaga kelele. Mtu hujisikia mzima, kumbe mishipa inaumia. Akiacha dawa, presha hupanda tena, nayo inaweza kuleta kiharusi, au kuharibu moyo na figo.

Lakini kengele peke yake haitoshi. Huko Kenya, mwaka 2007 na 2008, walijaribu jambo kwa wagonjwa 538 walioanza dawa za UKIMWI. Wagonjwa 273 walipelekewa ujumbe kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza siku mbili, muuguzi alimpigia. Kati ya hao 273, watu 168 walieleza kuwa wametumia dawa kama walivyoagizwa. Kati ya 265 wasiopelekewa ujumbe, ni 132 tu. Wengi wao hawakuwa wazee. Hata hivyo, kijana aliye mjini anaweza kumwuliza mama yake vivyo hivyo.

Zipo pia programu za simu za kugusa zinazouliza kama umemeza. Nyingi ni za Kiingereza. Usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

Kengele ikilia, mzee ameze kwanza, ndipo aizime. Akisahau, asimeze viwili pamoja kufidia, aulize zahanati.

Zoezi. Jibu katika daftari lako:

1. Dawa ni saa moja asubuhi na saa moja usiku. Utaandika nini katika simu?

2. Mzee wako asipojibu, nani atampigia?