Nchi kama Mhusika: Msanii, Jamii na Ardhi katika Sanaa ya Emily Kame Kngwarreye

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, ardhi aghalabu huainishwa kama mandhari, yaani mahali ambapo wahusika hutendea mambo yao. Uainishaji huu hautoshi tunapoikabili sanaa ya wenyeji asilia wa Australia. Makala haya yanadai kwamba katika kazi za mchoraji Emily Kame Kngwarreye (takriban 1910–1996), nchi ni mhusika anayetenda. Mhakiki asiyelitambua hilo huishia kusifu rangi tu.

Msanii na Nchi Yake

Emily alikuwa wa jamii ya Waanmatyerre. Alizaliwa Alhalkere, katika eneo la Utopia, takriban kilomita 250 kaskazini-mashariki mwa mji wa Alice Springs. Enzi za ujana wake, walowezi waliigeuza nchi hiyo kuwa mashamba ya ng'ombe, naye akafanya kazi katika mashamba kama hayo. Jina lake, Kame, ni la mbegu ya kiazi mwitu kimeacho nchini mwao. Kwa itikadi ya jamii yake, kiazi hicho kimo katika visa vya mababu walioiumba nchi na kuiwekea sheria. Hivyo basi, mtu, mmea na mahali vimefungamana katika jina moja.

Sanaa na Jamii

Kabla ya turubai, Emily alichora miilini. Katika awelye, miviga ya wanawake wa jamii hiyo, washiriki huchorana vifuani na mabegani huku wakiimba nyimbo za nchi yao. Mwaka 1977 wanawake wa Utopia walianza kufunzwa batiki, na Emily akawa miongoni mwa waasisi wa kikundi chao. Katika kesi ya kudai ardhi iliyosikilizwa miaka hiyo, wanawake waliwasilisha miviga yao kama ushahidi: ajuaye nyimbo na michoro ya mahali ndiye mwenye mahali. Hatimaye wenyeji walirejeshewa ardhi yao.

Fani na Maudhui

Emily alianza kutumia turubai mwaka 1988, akikaribia umri wa miaka 80. Kwa miaka minane iliyofuata alichora maelfu ya picha, na mapato yake yakawakimu jamaa wengi. Wahakiki wa Magharibi walimlinganisha na Monet na Pollock, ilhali hakuwahi kusomea sanaa ya Ulaya.

Tuchukue mfano wa Big Yam Dreaming (1995), mchoro wenye upana unaozidi mita nane. Ni mistari myeupe iliyosukana juu ya weusi. Mgeni huona mistari. Aijuaye nchi huona mizizi ikitambaa, nyufa za udongo zimwelekezazo mchimbaji kwenye chakula, na michirizi ichorwayo kifuani wakati wa miviga. Fani hapa imechimbuliwa ardhini pamoja na maudhui yake.

Hitimisho

Mwaka 2007 mchoro wake Earth's Creation (1994) uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja za Australia. Mnunuzi alipata turubai. Haki ya kuichora Alhalkere ilibaki kwa warithi wake. Mwanafunzi wa fasihi ana funzo hapa. Kabla ya kuuliza kazi ya sanaa inasema nini, na aulize kwanza ni nani mwenye idhini ya kuyasema hayo, na idhini hiyo ameipata wapi.